Bwana Kadi na Ukuta wa Krismasi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia. Kwa watu wote wa ule ua wa mafundi alikuwa Bwana Kadi, na mwenyewe alisema ni heri hivyo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa la babu yake, mtu shujaa aliyeheshimika, na si vizuri kumchafulia marehemu.

Kazi yake ilikuwa kuchora kadi kwa mkono. Zamani alichora za kila namna: za harusi, za pole, za hongera, za mtoto kuzaliwa. Kisha simu zikaingia mifukoni mwa watu, na salamu zikawa za bure, zenye maua yanayometameta na muziki juu yake. Kadi za harusi zikahamia kwa wenye mashine za kuchapa. Za pole zikafa zenyewe, wala hakuna aliyezipa pole. Zikabaki za Krismasi, kwa sababu bado wapo watu wasioamini kwamba wamesalimiwa mpaka washike kitu mkononi. Bwana Kadi aliwaombea watu hao maisha marefu kila siku, na hakuficha sababu.

Ua wenyewe ulikuwa ghala la zamani la pamba. Kuta zilikuwa ndefu, za matofali, na paa la bati lilikuwa na vioo hapa na pale vya kuingizia mwanga. Ndani waligawana vyumba kwa mbao na mapazia. Karibu na lango alikaa mchongaji mmoja mnene mwenye sauti kubwa, ambaye watu walimwita Gogo. Katikati, penye tanuri, alikaa Mama Vyungu, mfinyanzi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Mke wa Bwana Kadi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa upande wa pili wa pazia, kiasi kwamba mume aliposema jambo la kipumbavu, cherehani ilinyamaza kwanza, kisha ikaendelea. Bwana Kadi mwenyewe alikuwa na meza moja, kopo la brashi, na kioo kidogo cha kunyolea kilichoning'inia kwenye msumari mbele ya pua yake.

Desemba ikiingia, ua ulibadilika. Zilitundikwa nyota za bati kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na mke wa Bwana Kadi alishona vibendera kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, ambao wengine walivitambua na kunyamaza kwa kuwa ni Krismasi. Mafundi walikuwa na desturi yao pia. Kila mmoja alitumbukiza jina lake kwenye chungu, wakachanganya, wakaokota, na kila aliyeokota jina akamtengenezea mwenziwe kadi kwa mikono yake, awe anajua kuchora au hajui. Mwaka mmoja Gogo alimwokota Bwana Kadi, akampa kadi ya mbao, nene kama kibao cha kukatia nyama. Mkewe akaikatia nyama.

Mwaka ule tunaouzungumzia, Mama Vyungu aliwaita mafundi wote, akawaambia ana wazo.

"Ukuta wetu wa barabarani uko mtupu," alisema. "Watu wanapita wakidhani humu bado mna pamba. Mimi nasema tuchore picha kubwa ya Krismasi. Mariamu, Yusufu, mtoto horini, wachungaji, mamajusi, wote. Tuifunue siku ya kuwafungulia wageni milango. Nani anaiweza?"

Watu wakatazamana. Ukuta ule ulikuwa mrefu kuliko lori. Kabla hajajizuia, Bwana Kadi alikuwa ameshasimama.

"Hao watu mimi nimewachora miaka nenda miaka rudi," alisema. "Nawajua kuliko shemeji zangu."

"Unawachora wakiwa sawa na harage," Gogo alimkumbusha. "Huu ni ukuta, Bwana Kadi."

"Ndugu yangu, ukubwa ni rangi tu. Anayejua kuchora mdogo anajua kuchora mkubwa."

Nyuma ya kikao, mkewe aliinamia kitambaa mapajani mwake, akang'ata uzi. Siku hizi Bwana Kadi akisimulia kisa hiki, akifika hapo husimama kidogo, akajipiga paji la uso na kusema, "Maneno hayo ndiyo niliyopaswa kuyameza na maji mengi."

Walimpa kazi. Wakamjengea jukwaa la mbao juu ya mapipa, wakatundika turubai mbele ya ukuta ili mtu asione mpaka siku yenyewe. Hilo la turubai alilidai mwenyewe. Alisema wasanii wakubwa hawapendi kuchunguliwa. Kile kioo cha kunyolea akakihamishia ukutani, akakipigia msumari pembeni, maana hiyo ndiyo ilikuwa siri yake ya kazi: hakuwahi kuwa na mtu wa kumkalia ili amchore. Alipotaka kujua jicho linakaaje mtu akitazama chini, alijitazama akiwa ametazama chini. Alipotaka mdomo wa mtu anayeshangaa, alijishangaa. Mtu wa kwenye kioo hakuchoka, hakudai soda, wala hakuuliza kama ametoka vizuri.

Alichora kwa furaha kubwa. Nyuma ya turubai mlikuwa na joto na harufu ya rangi, na nafasi ya kurudi nyuma ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye ndani ya kabati. Kwa hiyo kila sura aliiona kwa karibu sana, shavu kwanza, kisha sikio, kisha nywele, wala hakuziona zote kwa pamoja hata mara moja. Mkewe alipomletea chai aliinua pembe ya turubai, akatazama juu, akajiziba uso kwa kanga.

"Vipi?" Bwana Kadi aliuliza kutoka juu.

"Hamna. Kunywa chai."

"Unalia?"

"Rangi yako inaniwasha macho," alisema mkewe, akatoka upesi, mabega yakimtikisika.

Bwana Kadi alimhurumia. Alijua kazi nzuri humgusa mtu namna hiyo. Jioni ile alimwambia mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kukaa nao kwa sikukuu, kwamba binti yake ana moyo mwepesi sana. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yanayoona mbali na ulimi unaofika mbali zaidi. Alisema, "Moyo mwepesi? Labda amebadilishwa."

Siku ya kufungua milango watu walijaa barabarani. Majirani walikuja, wateja wa zamani walikuja, na wapita njia walisimama kwa sababu wengine wamesimama. Mama mkwe aliwekewa kiti cha plastiki mbele kabisa. Mama Vyungu akatoa hotuba fupi, na Bwana Kadi, aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, akasimama chini ya ukuta, mgongo kwenye picha, uso kwa watu, tayari kupokea makofi. Turubai likavutwa.

Makofi hayakuja. Watu waliutazama ukuta, wakamtazama yeye, wakautazama ukuta tena. Bwana Kadi akaona kwamba wanalinganisha kazi na bwana wake, akainua kichwa kidogo kuwarahisishia.

"Mungu wangu," alisema Gogo kwa ile sauti yake inayosikika mtaa wa pili. "Bwana Kadi, umejizaa!"

Hapo kicheko kikapasuka. Bwana Kadi hakuelewa. Alivuka barabara, akapita katikati ya watu waliokuwa wameshikana mabega wakicheka, akageuka. Ndipo kwa mara ya kwanza akaiona picha yake yote.

Mariamu alikuwa yeye, amevaa mtandio wa buluu. Yusufu alikuwa yeye mwenye ndevu. Wachungaji walikuwa yeye, yeye, na yeye aliyezeeka. Mamajusi walikuwa yeye katika safari tatu tofauti, na malaika juu yao alikuwa yeye mwenye mabawa, akijitangazia kuzaliwa kwake. Hata kondoo walikuwa na lile paji la uso lake, na walitazama watu kwa wasiwasi uleule aliokuwa nao yeye akiulizwa kodi ya chumba.

Mama mkwe aliegemea mbele kwenye kiti chake, akakaza macho kwenye hori. "Na huyu mtoto mchanga," aliuliza kwa sauti ya kutaka kujua tu, "naye ni mkwe wangu?"

"Si mimi!" Bwana Kadi alipaza sauti. Mtu anayezama hushika hata povu. "Tazameni pua! Pua yangu ilipinda kushoto nilipoanguka na baiskeli. Hizi zote zimepinda kulia!"

"Ni kwa sababu ulijitazama kwenye kioo," Gogo alimjibu. "Mwamba ngoma, ndugu yangu, huvutia kwake. Lakini wewe umeivuta ngoma, ukawavuta na kondoo."

Bwana Kadi alikuwa na kawaida yake ya tangu utotoni: watu wakimcheka, hucheka kuliko wao, ili ionekane ni yeye aliyeanza. Alicheka mpaka akakohoa. Alisalimiana na watu, akapigwa picha na familia mbili zilizotaka asimame kati ya Mariamu na ng'ombe, akasema, "Nimejichora mwingi ili mkinikosa mmoja mumpate mwingine." Kisha akaingia ndani, akapita vyumba vya wenzake bila kutazama pembeni, akakaa mezani pake na kuvuta katoni ya kadi za mwaka ule.

Akatoa moja na kuisogeza karibu na macho. Alikuwa yeye. Akatoa nyingine. Alikuwa yeye tena, amepanda ngamia. Akafikiria nyumba zote ambamo kadi zake zimesimama juu ya makabati na redio tangu ujana wake. Kwa miaka yote hiyo familia za watu zilikuwa zikimweka pale, zikamwashia mishumaa na kumwimbia nyimbo, na yeye hajui.

Pazia likasogea. Mkewe akaingia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ulijua," alisema Bwana Kadi.

"Nilijua kabla hujanioa."

"Kabla?"

"Ile kadi uliyoniletea nyumbani, ukasema umenichora mimi. Unaikumbuka? Nilidhani umeniletea picha ya dada yako, nikajua unataka kututambulisha. Nikamwambia mama, huyu kijana ana dada mwenye sura ngumu, lakini anaonekana mtu mwema."

"Na hukuniambia kitu!"

"Ungeacha kuchora. Na ulikuwa hujui kazi nyingine." Alifuta tone la rangi kwenye ukingo wa meza kwa kidole. "Halafu nilizoea. Nikiona kadi yako mahali, najua mume wangu ameshapita hapo kabla yangu."

Bwana Kadi alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Akamwambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu: kwamba hawezi kumtazama mtu usoni kwa muda mrefu. Si kwa ubaya, ni woga tu. Mtu akimtazama naye akimtazama, anahisi kama ameingia chumbani kwa watu bila kubisha hodi. Ndiyo maana ya kioo.

"Hata mimi?" mkewe aliuliza.

"Wewe nakutazama sana. Ukiwa umeinamia cherehani."

"Basi unakijua vizuri kilemba changu."

Nje kulisikika watu wakiendelea kubishana kondoo yupi anafanana naye zaidi. Kisha Mama Vyungu akabisha kwenye mbao na kuingia bila kusubiri jibu, kama ilivyo kawaida ya wenyeviti.

"Picha ni nzuri," alisema. "Rangi nzuri, nguo nzuri, ng'ombe mzuri. Tatizo ni vichwa. Krismasi haijafika, na jukwaa bado liko palepale. Futa vichwa, uchore vya watu. Ua umejaa watu. Chagua."

"Mama Vyungu, mimi siwezi..."

"Ukubwa ni rangi tu. Nani alisema?"

Wa kwanza kukaa alikuwa Gogo, aliyejipa nafasi ya Yusufu kabla hajaulizwa. "Yusufu alikuwa seremala," alisema, "kwa hiyo huyu ni wa ukoo wangu." Na kweli alikuwa mtu mzuri wa kuanzia, kwa sababu hakunyamaza hata kidogo. Bwana Kadi alikuta kwamba mtu anayeongea sana unaweza kumtazama, maana yeye hakutazami wewe, anayatazama maneno yake. Shavu la Gogo lilimpa tabu kwa kuwa lilikuwa njiani kila wakati, lakini mchana ule Yusufu akapata uso mpana, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari za mtoto na bado ana maswali.

Shida ilikuwa Mariamu. Wasichana wa mtaani walikuja wawili, wakacheka mpaka wakashindwa kukaa. Mkewe alikataa katakata, akasema ana nguo za sikukuu za watu na hawezi kuwa mtakatifu na cherehani kwa pamoja. Ndipo mama mkwe akaja na kiti chake cha plastiki, akakiweka chini ya jukwaa, akaketi na kujifunga mtandio vizuri.

"Haya, mwanangu," alisema. "Chora."

Katika miaka yote ya ndoa Bwana Kadi hajawahi kumtazama mama mkwe wake zaidi ya muda wa kumwamkia. Alipoongea naye aliongea na viatu vyake.

"Mama," alisema kwa adabu zote alizokuwa nazo, "shikamoo."

"Umeniamkia asubuhi. Chora."

"Mama, ni kwamba... Mariamu alikuwa msichana mdogo."

"Na mimi nilikuwa msichana mdogo. Hukunikuta tu. Tafuta, utanipata."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Ngazi ilikuwa upande wa mama mkwe. Bwana Kadi akapiga moyo konde, akakitoa kile kioo msumarini ili kisimshawishi, akamtazama.

Mwanzoni aliona mikunjo tu. Mama mkwe naye alimtazama bila kupepesa, na mara mbili Bwana Kadi akaangusha brashi. Lakini bibi yule hakusema kitu. Alikaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliyezoea kungoja mambo makubwa kuliko picha. Taratibu woga ukachoka. Bwana Kadi akaanza kuona namna nyusi zake zinavyopanda kuelekea nje, na mfupa wa shavu ulivyo juu, na mdomo wenye pembe iliyoinuka upande mmoja, kana kwamba anazuia neno. Mdomo ule aliujua. Aliufahamu kutoka mahali, akasimama na brashi hewani akijiuliza ni wapi, mpaka akasikia cherehani ikinguruma ndani ya ua.

Basi akaitoa mikunjo mmoja mmoja, akabakiza sura iliyokuwa chini yake.

Jua lilipopungua mkewe alitoka kuja kumchukua mama yake. Akainua macho ukutani. Safari hii hakukimbia. Alisimama pale na uzi shingoni, akamtazama Mariamu, akamtazama mama yake, akashika mdomo wake mwenyewe kwa vidole viwili.

"Huyu ana mdomo wangu," alisema mwishowe. "Na pua yangu."

"Samahani," alisema Bwana Kadi. "Ndiyo niliyoiona."

"Mwache nayo. Imenyooka."

Hakumwambia zaidi, lakini usiku ule alimwekea kipande cha nyama ambacho kwa haki kilikuwa cha mama mkwe.

Siku zilizobaki hazikutosha watu wote. Mama Vyungu akawa malaika, ingawa alitaka ashushwe kidogo kwa kuwa anaogopa urefu. Wachungaji wakapatikana. Mamajusi wawili walibaki vilevile, Bwana Kadi akawaongezea ndevu mpaka kifuani na kuombea mvua iwafute. Kondoo hakuwagusa kabisa. Alisema kondoo hawajalalamika, na kwamba mtu akiwa na aibu lazima abaki na mahali pa kuiweka. Wateja waliokuja baadaye walianza kuuliza kama zile kadi za zamani bado zipo, zile ambazo wote ni yeye. Akawauzia akiwa ameinamisha kichwa. Gogo akamwambia chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Akajibu kwamba kadi hizi zilikuwa na bahati: zilikuwa mbaya na bado zimekaa tu, wateja wakazifuata.

Asubuhi ya Krismasi, watu waliotoka kanisani walipita kwa njia ya ua ili wauone ukuta. Mama mkwe alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki chini ya Mariamu, amevaa kitenge kipya na mtandio wa buluu aliouchagua mwenyewe kwa makusudi, na kila kundi lililosimama aliliacha lishangae kwanza.

"Ni nani huyu msichana?" mama mmoja aliuliza.

"Mnadhani ni nani?" alijibu mama mkwe, akageuza uso kidogo upande wa mwanga.

Bwana Kadi alimletea chai kwa mikono miwili. Alipofika mbele yake hakuvitazama viatu vyake. Alimtazama usoni, sawasawa, akatabasamu, akangoja. Alihisi kwamba kati yao sasa kuna jambo, na kwamba pengine bibi atasema neno la kukumbukwa.

Mama mkwe alipokea kikombe, akanywa funda moja, akampungia mkono aende pembeni.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Unanizibia watu."